Refa wa sumo anasimamisha pambano katikati: ni maigizo? Nawajibu

Habari zenu ndugu zangu. Swali ni lile lile, na sasa limeanza kuja na matusi. Kila nikigusia sumo, mieleka ya Kijapani, mtu anaandika: "Kaka, watu wameshikana vizuri, refa anakuja anawasimamisha, anamfunga mmoja mkanda, halafu wanaendelea. Si wamepangana hao?" Mwingine anasema nimeshakuwa Mjapani, kazi yangu kuwatetea. Basi leo nalijibu. Na wale wa "anaringa na Tokyo yake" naomba wanisikilize kwanza.

Picha za mapambano sitaonyesha. Za televisheni zina wenyewe, na sina hela ya kulipia haki zao.

Tuanze na mikono, kwa sababu jibu lote liko kwenye mikono. Ule mkanda, mawashi, unashikwa. Ukimkamata mwenzako kwa kupitisha mkono juu ya mkono wake, au chini yake, yote ruhusa. Ukiingiza mikono yako yote miwili kwa ndani, umemweka pabaya sana. Kofi la kiganja wazi usoni, ruhusa. Kumsukuma kooni kwa kiganja, ruhusa. Kulikaba koo ndiyo mwiko. Mwiko pia ngumi, kumtia vidole machoni, kumpiga makofi masikio yote mawili kwa pamoja, kumpiga teke la tumbo au kifua, na kukunja kidole chake kimoja au viwili kwa nyuma. Na ile sehemu ya mkanda inayofunika siri za mwanamume haishikwi kabisa, kwa hiyo wanaoandika upuuzi kuhusu hilo waache.

Nywele nazo. Mwaka 2003, kwenye mashindano ya mji wa Nagoya, mwezi wa saba, Asashoryu wa Mongolia, ambaye alikuwa yokozuna, cheo cha juu kuliko vyote, alimvuta nywele Kyokushuzan, Mmongolia mwenzake. Akatangazwa ameshindwa. Haijawahi kutokea kabla ya hapo yokozuna kupoteza pambano kwa kuvunja sheria. Kama ni maigizo, nani aliandika hiyo?

Sasa kusimamisha. Mkanda ni kitambaa kirefu kinachozungushwa mwilini mara kadhaa, na katikati ya mvutano fundo la nyuma linaweza kulegea. Mwamuzi akiona, anawaamuru wasimame. Wanaganda pale pale walipo, kila mkono unabaki uliposhika, kila mguu unabaki ulipokanyaga. Anakaza fundo, anawapiga wote wawili kidogo mgongoni, wanaendelea. Akiliacha, shida ni kubwa: mwaka 2000 mpiganaji wa daraja la chini mkanda ulimvuka mbele za watu, na sheria inasema huyo ameshindwa.

Kuna na mapumziko ya maji. Pambano likikaa kama dakika nne bila mshindi, wanaachanishwa wapumue, wanywe maji. Kisha wanarudishwa vile vile walivyokuwa. Mwamuzi anapanga miguu yao, anapanga mikono, na majaji watano waliokaa kuzunguka ulingo wanahakikisha. Hapa ndipo mimi nilipoupenda mchezo huu. Yule aliyehangaika mpaka akapata mshiko mzuri, hakuna wa kumpokonya eti kwa sababu saa imefika. Anarudishiwa mkononi. Mnaniambia hiyo ni hila, mimi naona ni haki ambayo michezo mingi haina.

Sisemi kuwa sumo haijawahi kuchafuka. Mwaka 2011 polisi walikuta ujumbe kwenye simu za wapiganaji, wakiuziana ushindi. Mashindano ya Osaka ya mwezi wa tatu yakafutwa. Sababu ilikuwa hela: katika siku 15 unahitaji ushindi 8 kulinda nafasi yako, na ukishuka chini ya madaraja mawili ya juu mshahara unakatika. Hilo lilitokea, na liliniuma kulisoma. Ila waliuziana kimyakimya. Hakuna aliyehitaji refa kumfunga mtu mkanda mbele ya kamera.

Na hili la tiketi nalisema kwa sababu video ile niliyokaa Kokugikan, ukumbi wa sumo wa hapa Tokyo, imeniletea ugomvi wa ukoo. Mtu wa familia kaona, kesho yake ujumbe: "Hela ya kutazama watu wanene unayo, ya bati la nyumba ya mama huna." Ndugu zangu, nilikaa kiti cha juu kabisa, nyuma. Na hata hicho nilikitolea jasho. Fomu ya mtandaoni ilitaka majina mawili, pasipoti yangu ina matatu, ikakataa. Jina lile lile linanisumbua benki, linanisumbua kwenye mkataba wa nyumba, kila mahali naitwa na kuulizwa lipi ni la ukoo. Bati nililituma. Risiti ninayo.

Mwisho, vijana mnaoniandikia "nina kilo 130, nifanyie mpango". Kwa ninavyoelewa mimi, kila kambi, yaani nyumba wanamoishi na kufanyia mazoezi wapiganaji, inaruhusiwa mgeni mmoja tu, na kwa kawaida uwe hujafika miaka 23. Abdelrahman Shaalan wa Misri, jina la ulingoni Osunaarashi, alianza mwaka 2012, na mwaka uliofuata akafika daraja la juu, Mwafrika wa kwanza kufika huko. Inawezekana, lakini alikuja huku na kuhangaikia kambi ya kumpokea. Yaliyomfaa yeye huenda yasikufae wewe, na uamuzi ni wako na wazazi wako. Mimi viza siombei mtu, na anayewachangisha hela kwa jina langu simjui.

Kama kuna pambano halikueleweka, niandikie majina ya wapiganaji na siku. Nitalitazama tena, nikwambie nani alishika wapi.