Butua au Piga Pasi? Kipa na Mpira Miguuni

SALMA: Karibu tena kwenye kipindi, msikilizaji. Mpira ukimrudia kipa miguuni na straika akimjia mbio, uwanja mzima unapiga kelele neno moja: butua! Yaani upige mbali, popote. Leo tunajadili kama uwanja huwa uko sahihi. Mimi ni Salma, mwenzangu ni kaka Hamisi, na nawaonya mapema kwamba kwenye hili hatupatani.

HAMISI: Hatupatani hata kidogo. Mimi niko na jukwaa.

SALMA: Basi fungua wewe kesi.

HAMISI: Nina shahidi mmoja tu. Machi 2022, Ligi ya Mabingwa, Real Madrid na PSG pale Bernabéu. PSG walishinda mechi ya kwanza 1-0 kwao Paris, sasa Mbappé kawaongezea la pili, jumla 2-0. Mechi iko mfukoni. Kipindi cha pili mpira unarudi kwa kipa wa PSG, Donnarumma, na straika wa Madrid, Benzema, anamfuata. Utoe nje tu, ndugu yangu! Yeye akaukawiza, akababaika, mpira ukamfikia Vinícius, Vinícius akampa Benzema, wavu. Kuanzia hapo PSG wakapotea kabisa. Benzema akafunga mengine mawili, safari ikaishia pale. Yote hayo yalianza kwa kipa kukataa kubutua.

SALMA: Lile goli kila mtu analikumbuka, na hapo ndipo penye shida yangu na mjadala huu. Kipa akipokonywa mpira, kosa lina jina na lina picha, televisheni zinalirudia wiki nzima. Sasa kipa akibutua, beki wao akaupiga kichwa ukarudi, mkashambuliwa dakika mbili mfululizo, mkafungwa kwa krosi, nani atamtaja kipa? Watamlaumu beki wa kushoto aliyeacha krosi ipigwe. Mpira uliobutuliwa ukapotea hauna mwenyewe.

HAMISI: Sawa, lakini kupoteza mpira kuna madaraja. Ukipotea katikati ya uwanja, mna watu wanane au tisa wa kuwazuia. Ukipotea mbele ya sita, kile kiboksi kidogo cha golini, mna nani? Mna kipa mwenyewe, na ndiye aliyeanguka.

SALMA: Hapo sibishi, hatari ni kubwa. Ila twende kwenye hesabu, kwa sababu watu wanadhani makocha wanafanya hivi ili mpira upendeze. Kila timu ina watu 11, lakini kipa wa wapinzani amebaki kwake, zaidi ya nusu uwanja kutoka kwenye mpira. Kwa hiyo kipa wenu akikubali kucheza, ninyi ni 11 na wao ni 10. Daima kuna mtu wenu mmoja ambaye hana mkabaji. Washambuliaji wao wawili wakiwakabia juu, mna mabeki wawili wa kati na kipa, watatu kwa wawili. Straika akiamua kumfuata kipa, kuna mtu amemwacha. Kazi ya kipa ni kumjua huyo aliyeachwa kabla mpira haujamfikia.

HAMISI: Kabla haujamfikia. Hapo ndipo wengi wanapofia. Anaupokea kwanza, ndipo anaanza kutafuta.

SALMA: Na kipa wa namna hiyo abutue tu, nakubaliana na wewe.

HAMISI: Rekodi hiyo, usije ukaikana.

SALMA: [anacheka] Siikani. Lakini wasikilizaji vijana wajue jambo hili halikuanza na kocha Guardiola, anayesifika kwa kuanza mashambulizi kwa pasi za kipa. Chanzo chake ni sheria. Kombe la Dunia la 1990 pale Italia lilikuwa na wastani wa magoli 2.21 kwa mechi, mdogo kuliko Kombe lolote. Timu ikishapata goli, beki anamrudishia kipa, kipa anaudaka, anautembeza, anamrushia beki, beki anamrudishia tena. Usingizi mtupu. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa: mwenzako akikupigia kwa mguu kwa makusudi, marufuku kuushika. Usiku mmoja tu, makipa waliolelewa kwa mikono wakaambiwa wawe na miguu.

HAMISI: Mwaka huohuo, kabla sheria haijaanza, Denmark walichukua Euro, na walimrudishia kipa wao Schmeichel mpira mpaka basi. Wale walipanda gari la mwisho.

SALMA: Sheria ya pili ni ya 2019, na kwangu hiyo ndiyo iliyobadilisha sura ya mchezo. Zamani kwenye golikiki, ule mpira unaopigwa kutoka golini, lazima utoke nje ya eneo la penalti ndipo mwenzako auguse. Tangu 2019 ukishapigwa tu na ukatembea, uko mchezoni. Wapinzani wanatakiwa wasubiri nje ya eneo hadi upigwe. Ndiyo maana siku hizi unaona mabeki wawili wamesimama huku na huku kwa kipa, ndani ya 18, yaani eneo la penalti. Mmepewa mita kadhaa za bure.

HAMISI: Za bure ukijua kuzitumia. Wengine wanazitumia kuchimba kaburi. Ila kabla hujaendelea, ngoja nimtaje mzee wangu Higuita, kipa wa Kolombia. Haiwezekani tuzungumze haya tusimtaje.

SALMA: Mtaje.

HAMISI: Naples, Kombe lilelile la Dunia la 1990, hatua ya 16 bora, Kolombia na Kamerun. Muda wa nyongeza, Kamerun wameshapata moja kupitia Roger Milla. Higuita, kama kawaida yake, yuko mbali na lango, anapewa mpira, anataka kumpiga chenga Milla. Milla ana miaka 38 wakati ule! Akamnyang'anya, akakimbia na lango tupu mbele yake, 2-0. Kolombia wakapata moja baadaye, haikusaidia. Kamerun ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali. Kwa hiyo mimi mtindo huu siuchukii kabisa, kuna siku umetufurahisha.

SALMA: Higuita lakini alikuwa anapiga chenga. Hicho ni kitu kingine. Kocha wa leo hamwambii kipa apige chenga, anamwambia awe mtu wa kumi na moja kwenye pasi.

HAMISI: Basi tuje kwa hao wa leo. Guardiola anafika Manchester City 2016, anamwondoa Joe Hart, kipa wa timu ya taifa ya Uingereza, anamleta Claudio Bravo kwa sababu ya miguu. Oktoba wanakwenda Camp Nou kwa Barcelona. Bravo anatoka nje ya eneo lake, pasi inakwenda moja kwa moja kwa Suárez wa Barcelona, Suárez anaupiga juu kuelekea lango, Bravo anaudaka akiwa nje ya 18. Kadi nyekundu. Wakafungwa 4-0. Ungekuwa wewe mwenye timu, ungefanya nini?

SALMA: Ningefanya alichofanya yeye. Hakurudi kwa kipa wa zamani, alitafuta mwenye miguu bora zaidi, akamleta Ederson 2017. Msimu uleule City wakachukua ubingwa kwa pointi 100. Siwezi kusema ni kipa peke yake, timu ile ilikuwa na watu. Lakini Ederson alikuwa na kitu ambacho Bravo hakuwa nacho, nacho si utulivu. Ni mguu wa kupiga mbali. Anaweza kuupeleka mpira hadi nusu ya wapinzani, chini chini, kwa straika anayekimbia. Sasa wewe kocha unayetaka kumkabia juu, utawapandisha mabeki wako? Ukiwapandisha anakurushia nyuma yao. Na kumbuka, mpira ukitoka moja kwa moja kwenye golikiki hakuna kuotea. Ukiwaacha mabeki nyuma, katikati panakuwa wazi na City wanapiga pasi fupi. Kipa mwenye pasi fupi peke yake anakabika. Mwenye fupi na ndefu ndiye anayewasumbua.

HAMISI: Kwa hiyo unakubali kwamba mpira mrefu ni mzuri.

SALMA: Mpira mrefu wenye anwani, kaka. Januari 2020 Anfield, kwa Liverpool, dakika za nyongeza, Liverpool wanaongoza Manchester United 1-0, United wamepanda kutafuta la kusawazisha. Kipa wa Liverpool, Alisson, anaudaka, anainua kichwa, anaupiga kwa mshambuliaji wao Salah. Salah huyoo, 2-0, na Alisson akakimbia uwanja mzima kwenda kushangilia naye. Huko si kubutua. Kubutua ni kuuondoa mpira ili usikuhusu.

HAMISI: Alisson huyohuyo Februari 2021, uwanja huohuo, dhidi ya City. Pasi mbovu, goli. Dakika chache mbele, pasi mbovu tena, goli. 4-1. Na huyu ni mmoja wa makipa bora duniani! Ndiyo hoja yangu, dada. Kama Alisson anaharibu mara mbili kwenye mechi moja, huyu kipa wa ligi ya chini ambaye kiwanja chake kina mashimo, mpira unadunda kama mpira wa tenisi, kocha wake ameangalia City wikiendi akamwambia Jumatatu "tunaanzia nyuma", huyu atapona?

SALMA: Hatapona. Na lawama ziende kwa kocha.

HAMISI: Haziendi kwa kocha! Zinakwenda kwa kipa. Kocha anasema kwenye mahojiano "makosa binafsi". Hilo linanikera kuliko yote. Umemwamuru mtu apige pasi chini ya presha, hujampa mabeki wanaojifungua, kiungo amejificha nyuma ya mkabaji, halafu unasema makosa binafsi.

SALMA: Hapo nakuunga mkono moja kwa moja. Pasi ya kipa inaharibika mara nyingi kabla ya kipa kuigusa. Chukua Hispania na Kroatia, Euro, Juni 2021. Pedri wa Hispania anarudisha mpira kutoka karibu na katikati ya uwanja, kipa wake Unai Simón anainua mguu autulize, unampita juu ya mguu, unaingia polepole golini. Ulimwengu ukacheka. Kosa la kumpita ni la Simón, sawa. Lakini angalia pasi ilielekea wapi: katikati ya lango! Ingeelekea pembeni ya mlingoti, kosa lilelile lingekuwa kona. Ndiyo maana makocha wa makipa wanawapigia kelele mabeki: ukimrudishia, mrudishie nje ya milingoti. Kipa ndiye atoke pale golini aufuate.

HAMISI: Hilo hata kwenye mechi za mtaani wengi hawalijui.

SALMA: Na kocha wao Luis Enrique hakumtoa Simón, wala hakuwaambia waanze kubutua. Mechi ikaenda muda wa nyongeza 3-3, Simón akaokoa mpira wa hatari wa Kramarić wa Kroatia, Hispania wakashinda 5-3.

HAMISI: Sasa umemtaja Luis Enrique, umejiingiza mwenyewe mtegoni. 2025 huyohuyo anachukua Ligi ya Mabingwa na PSG, fainali 5-0 dhidi ya Inter, kipa nani? Donnarumma. Wa kuokoa kwa mikono. Miezi michache baadaye anamwacha, anasema anataka kipa wa aina nyingine. Na nani anamchukua? Guardiola! Ederson anakwenda Fenerbahçe, Donnarumma anaingia City. Mwalimu mkuu wa kuanzia nyuma amechukua kipa ambaye sifa yake ya kwanza ni kuokoa. Nieleze hilo.

SALMA: Nitakueleza ninavyoona mimi, wala usishangilie mapema. Ile hesabu ya 11 kwa 10 wapinzani nao wameisoma. Timu nyingi sasa zinakaba mtu kwa mtu uwanja mzima. Kila mmoja na wake, hata mabeki wa kati wanabaki moja kwa moja na mastraika. Ukifanya hivyo, mtu huru anayebaki ni mmoja tu: kipa mwenyewe. Akikaa na mpira bila kufuatwa, pasi fupi zote zimefungwa. Lakini huko mbele straika wako yuko na beki mmoja na nusu uwanja mtupu nyuma yake. Hapo mpira mrefu unakuwa ndio chaguo la busara. Unahitaji straika wa kuugombea na viungo wa kuuwahi mpira wa pili, ule unaodondoka baada ya kugombewa. Na mechi ikishakuwa ya mbio za huku na huku hivyo, shuti zinakuja, unataka mtu wa kuzizuia.

HAMISI: Yaani tumezunguka dunia nzima tukarudi kwenye kubutua na kudaka.

SALMA: Hapana! Kinachompa straika ile nafasi ni tishio la pasi fupi. Kama wanajua utabutua kila mara, hawapandi kuwakaba. Wanakaa nyuma watu watano wanausubiri mpira wako kwa vichwa. Brighton ya kocha De Zerbi walikuwa na ujanja huo: kipa Steele au beki anaweka soli juu ya mpira, anasimama tu. Anasubiri ufuatwe. Jukwaa linapata presha ya damu, lakini straika akisogea hatua tatu, mlango umefunguka nyuma yake.

HAMISI: Na mwamuzi hawezi kumhesabia?

SALMA: Zile sekunde nane za sheria ya 2025, zinazowapa wapinzani kona, ni za mpira ulio mikononi. Ukiwa miguuni anaweza kusimama nao mpaka mtu amfuate.

HAMISI: Basi nikupe msimamo wangu, tusije tukazunguka. Kipa kwanza aokoe. Miguu iwe sababu ya kuchagua kati ya wawili wanaolingana kwa mikono. Na kama kocha hana beki wa kati anayeweza kupokea mgongo ukiwa umeelekea presha, asianze huo mradi.

SALMA: La beki wa kati nakupa. La kwanza sikupi, kwa sababu kipa anaokoa mara chache kwa mechi, mpira wa miguuni anaugusa mara nyingi zaidi ya hapo.

HAMISI: Na hizo mara chache ndizo zinaandikwa kwenye ubao. Lakini lile la kurudisha nje ya milingoti nimelichukua, bila masharti.

SALMA: Kaka Hamisi amekubali kitu, wasikilizaji ni mashahidi. Kipindi kijacho tunahamia kwenye kona: kwa nini siku hizi watu sita wanajazana mbele ya kipa, na mwamuzi apige filimbi saa ngapi.