Kutoka Rumphi Hadi Lyon: Mikataba ya Tabitha Chawinga

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu wa michezo, wazazi, na ninyi mabinti mliojibanza safu za nyuma kana kwamba nimekuja kusahihisha mitihani, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya mwanamke anayecheza soka la kulipwa katika nchi mbalimbali. Ningeweza kulieleza jambo hili kwa jumla, lakini nimeona ni afadhali nimfuate mchezaji mmoja hatua kwa hatua, naye ni Tabitha Chawinga wa Malawi. Huyu ni jirani yetu kabisa. Wilaya ya Rumphi alikozaliwa Mei 1996 iko kaskazini mwa Malawi, na mtu wa huko akitoka nyumbani anaufikia mpaka wa Songwe mapema kuliko anavyoufikia mji mkuu wa nchi yake, Lilongwe. Ziwa wanalovua samaki ndilo tunalovua sisi wa Kyela, ingawa kuhusu jina lake bado hatujaelewana.

Safari ya namna hii huwa tunaisimulia kwa mabao. Mimi leo nitaisimulia kwa mikataba, kwa kuwa mabao yanaeleza kwa nini Tabitha alitafutwa, ilhali mikataba ndiyo iliyoamua aende wapi, akae kwa muda gani, na nani apate nini.

Alianza kama wengi wenu mlivyoanza, yaani kwa kucheza na wavulana, kisha akahamia Lilongwe akiwa bado msichana mdogo na kujiunga na timu ya wanawake iitwayo DD Sunshine. Ni katika miaka hiyo ya mwanzo alipofanyiwa jambo ambalo baadaye amelieleza mwenyewe mbele ya vyombo vya habari: wapinzani walidai kwamba mchezaji hodari kiasi kile hawezi kuwa msichana, naye akavuliwa nguo pale pale uwanjani ili watu waridhike. Silitaji ili kuwahuzunisha. Nalitaja kwa sababu mwalimu aliyesimama kando ya uwanja siku ya namna hiyo ana wajibu, na wajibu huo ni kuitoa timu yake uwanjani kabla mtoto hajaguswa.

Mwaka 2014, mwaka aliotimiza miaka 18, Tabitha alikwenda Sweden. Umri huo haukuwa bahati nasibu. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa nje ya nchi yake, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa waziwazi, kama vile wazazi kuhama kwa shughuli zisizohusiana na mpira. Kwa hiyo mtu akija nyumbani kwako na kukuambia kwamba ana timu Ulaya inayomsubiri binti yako wa miaka 15, usihangaike hata kumpa kiti.

Timu iliyompokea iliitwa Krokom/Dvärsätts IF, nayo ilikuwa ikicheza daraja la tatu. Krokom ni mji mdogo sana katika jimbo la Jämtland, mahali ambapo theluji hukaa kwa miezi mingi na ligi husubiri majira ya kuchipua ndipo ianze. Naomba tutue hapa kidogo, kwa sababu vijana wengi wakisikia neno Ulaya hufikiria viwanja vyenye taa na televisheni. Daraja la tatu la wanawake halina mambo hayo. Ni mji mdogo, ni lugha usiyoijua, ni mazoezi ya jioni pamoja na wenzako waliotoka kazini na chuoni, na ni mshahara ambao ukiubadilisha kwa fedha za nyumbani unaonekana mkubwa, lakini ukiutumia pale pale unakwisha. Hata hivyo, Sweden ilikuwa na kitu ambacho nchi zetu hazikuwa nacho wakati ule, yaani madaraja yaliyopangwa vizuri, yenye ratiba isiyobadilika na kumbukumbu za kila mechi, hivi kwamba mfungaji wa daraja la tatu huonekana na klabu ya daraja la pili.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2015 alisajiliwa na Kvarnsvedens IK ya mji wa Borlänge, klabu ya mtaa uliojulikana zaidi kwa kiwanda chake cha karatasi, iliyokuwa daraja la pili. Katika msimu huo mmoja alifunga mabao 43 na timu ikapanda daraja la kwanza kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mabao 43! Msimu mzima! Nawaomba walimu waliopo hapa wajiulize kama katika ligi zetu za mikoa kuna mtu ambaye angeweza kuthibitisha kwa maandishi idadi kama hiyo, au tungebaki na simulizi za vijiweni tu.

Mdogo wake, Temwa, alimfuata Kvarnsveden mwaka 2017. Mwaka uliofuata Tabitha mwenyewe akaenda China, katika klabu ya Jiangsu Suning. Watu wengi wa mpira walishangaa: mtu aliyekwisha kufika ligi kuu ya Sweden anaiacha Ulaya na kwenda Asia? Mshangao huo unatokana na kuiona kazi hii kama ngazi ambayo kila nchi ni kidato cha juu kuliko kilichotangulia. Kazi hii haina ngazi ya namna hiyo. Katika miaka ile kampuni kubwa za China ziliweka fedha nyingi katika mpira, na washambuliaji kadhaa wa Afrika walikwenda huko. Asisat Oshoala wa Nigeria aliondoka Arsenal ya London mwaka 2017 akajiunga na Dalian, na miaka miwili baadaye alikuwa Barcelona. Barbra Banda wa Zambia naye alipitia Shanghai kabla ya kufika Orlando huko Marekani. Mchezaji huwa na miaka michache ya kuchuma, na anapopima mikataba miwili ana haki ya kutazama tarakimu. Tusimfundishe binti aone haya kuhesabu.

Fedha za namna hiyo, hata hivyo, zina tabia ya kuondoka kama zilivyokuja. Jiangsu ilitwaa ubingwa wa wanawake wa China mwaka 2019, Tabitha akiwamo. Novemba 2020 timu ya wanaume ya klabu hiyo hiyo ikawa bingwa wa nchi, na Februari 2021, miezi michache tu baada ya kombe, mwenye klabu akatangaza kusimamisha shughuli zake. Tabitha akahamia Wuhan, alikokuwapo Temwa tayari. Kumbukeni pia kwamba hiyo ilikuwa miaka ya korona na mipaka ya China ilifungwa kwa wageni kuanzia Machi 2020, jambo ambalo kwa mchezaji wa kigeni linagusa kila kitu, kuanzia viza hadi kwenda kuzika.

Sasa tunafika katika sehemu ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nimchague. Msimu wa 2022/23 Tabitha alicheza Inter ya Milan na kumaliza akiwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Italia kwa mabao 23. Msimu uliofuata alicheza Paris Saint-Germain, akawa miongoni mwa washambuliaji waliotikisa ligi ya Ufaransa. Miji miwili, lugha mbili, kocha wawili, na katika misimu yote miwili mwenye mkataba wake alikuwa klabu ya Wuhan. Alikuwa Italia kwa mkopo, na Ufaransa kwa mkopo. (Mfanyabiashara aliyeimiliki Jiangsu ndiye pia aliyekuwa akiimiliki Inter; sisemi kwamba hilo ndilo lililomfungulia mlango, ila mchezaji anapaswa kujua nani anamiliki nini.)

Mkopo una manufaa yake. Ulimtoa katika ligi ambayo dunia haikuwa ikiitazama na kumweka mbele ya macho ya kila mtu. Lakini fikirini maana yake kwa binadamu. Unapanga nyumba ukijua utaihama Juni. Unajifunza Kiitaliano cha kutosha kuelewana na beki wako, kisha unaanza Kifaransa. Unafunga kuliko washambuliaji wote wa nchi, na bado timu uliyoifungia haina uwezo wa kukubakiza bila kuzungumza na klabu iliyo upande mwingine wa dunia. Ni mwaka 2024, alipojiunga na Lyon, ndipo alipopata makao ya kudumu katika klabu kubwa ya Ulaya, akiwa na miaka 28, miaka kumi baada ya Krokom. Mwaka huo huo Temwa alijiunga na Kansas City Current ya Marekani, akafunga mabao 20 katika msimu wake wa kwanza, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia katika ligi ile, na akachaguliwa mchezaji bora.

Je, waliowalea mabinti hawa walipata nini? Katika mpira wa wanaume kuna malipo ya aina mbili. Ya kwanza ni fidia ya mafunzo, ambayo klabu hulipwa kijana waliyemlea anaposajiliwa kama mchezaji wa kulipwa. Kanuni za FIFA zinasema waziwazi kwamba fidia hiyo haihusu soka la wanawake. Hoja inayotolewa ni kwamba ingezizuia klabu changa kusajili wachezaji, na kwa miaka ya mwanzo hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Nadhani muda wake umepita, lakini mimi si mtunga kanuni.

Malipo ya pili yanawahusu wanawake pia, nayo ni mchango wa mshikamano. Mchezaji wa kulipwa akiuzwa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15 klabu hupata robo ya asilimia 1 ya ada, na kwa kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 hupata nusu ya asilimia. Chukua klabu ya mtaani iliyokaa na msichana tangu miaka 13 hadi 17: miaka mitatu ya robo na miaka miwili ya nusu, jumla asilimia 1.75. Akiuzwa kwa dola 100,000, klabu hiyo inastahili dola 1,750. Hizo ni jezi, mipira na nauli za msimu mzima. Mapema mwaka 2024 Rachael Kundananji wa Zambia, aliyekuwa amepitia Kazakhstan na Hispania, aliuzwa Marekani kwa ada iliyovunja rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo, zaidi ya dola 750,000. Pigeni hesabu wenyewe.

Mchezaji akiondoka mkataba ukiwa umekwisha, hakuna ada, na pasipo ada hakuna asilimia. Uhamisho mwingi wa wanawake ni wa namna hiyo, na ndiyo maana walezi wengi hawajawahi kuona hata senti.

Kuhusu timu ya taifa nitasema kwa ufupi. Klabu inalazimika kumruhusu mchezaji katika tarehe rasmi za FIFA na si nje ya hapo, kwa hiyo Malawi ilizoea kucheza mechi nyingine bila nyota zake. Oktoba 2025 hatimaye nchi hiyo ilifuzu kwa mara ya kwanza fainali za wanawake za Afrika, na sisi Tanzania pamoja na Kenya tulifuzu katika mzunguko huo huo.

Nasi njia tumekwisha kuishika. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda Häcken ya Sweden, kisha Brighton ya Uingereza. Opah Clement alitoka Simba Queens akacheza Uturuki. Clara Luvanga yuko Saudia katika klabu ya Al Nassr. Wengine watawafuata, na mzazi atakayeletewa karatasi aisome na mtu anayeijua lugha iliyoandikwa kabla ya kutia saini: mkataba unaisha lini, nani ana haki ya kuurefusha, nani anagharamia matibabu ya goti, na wakala anachukua asilimia ngapi. Likizo ya uzazi ya wiki 14 na malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara ni haki ya kila mchezaji wa kulipwa tangu Januari 2021, hata kama karatasi imenyamaza.

Kwa walimu nina jambo moja. Tangu Novemba 2022 mchango wa mshikamano hupitia chombo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, nacho hutazama pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, inayoundwa na kumbukumbu za usajili kutoka kwa mashirikisho. Mwaka ambao hukumsajili ni mwaka ambao hukumlea, hata kama alikuwa akila kwako. Nilipokuwa nikiandaa mhadhara huu nilifungua daftari langu la zamani la mazoezi. Nina majina 22 ya wasichana, mengi ni ya utani: Kadogo, Mama Mabao, Chuma. Hayana tarehe za kuzaliwa, wala sikumbuki kama nilipeleka fomu hata moja. Mmoja wao anacheza nje ya nchi sasa. Juzi nilimpigia mama yake kuuliza jina kamili la bintiye, akacheka, akaniuliza, “Mwalimu, miaka minne yote ile ulikuwa unamwita nani?”