Faranga ya CFA na ile namba 655.957

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu. Ule ujumbe umeanza tena kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: eti nchi 14 za Afrika zinazotumia faranga ya CFA huilipa Ufaransa "kodi ya ukoloni" ya dola bilioni 500 kila mwaka. Leo tuuzike. Jumlisha pato la mwaka mzima la nchi zote 14, bado hulifikii hilo fungu. Uongo huu una hasara yake, maana mfumo wa faranga ya CFA una kasoro za kweli kabisa, na watetezi wake hupenda sana uwajie na namba ya kubuni. Wakishaikanusha, wanakunja mkeka na mjadala umekwisha.

Basi tuifungue mashine yenyewe.

Faranga hii ilizaliwa tarehe 26 Desemba 1945, na herufi CFA zilisimama badala ya "Makoloni ya Kifaransa ya Afrika". Baada ya uhuru herufi zikabaki, maneno yakabadilishwa. Leo ziko faranga mbili. Ya magharibi inatumika nchi 8 na benki kuu yake, BCEAO, iko Dakar. Ya kati inatumika nchi 6, na benki kuu yake, BEAC, iko Yaoundé. Thamani ni ileile, lakini noti ya Dakar ukifika nayo Yaoundé ni karatasi tu. Tangu 1993 benki za upande mmoja hazizipokei noti za upande wa pili. Sarafu "moja" ambayo majirani hawawezi kuuziana kwayo!

Sasa fuata pesa. Kampuni ya pamba Burkina Faso inauza mzigo Ulaya kwa euro 1,000,000. Mapato ya mauzo ya nje lazima yarudi nchini. Tuseme yote yameuzwa benki: benki ya biashara inazifikisha euro BCEAO, na mwenye pamba anapewa faranga 655,957,000. Kiwango hakipangwi sokoni. Euro 1 ni faranga 655.957, tangu 1999, hakijasogea hata nukta. Euro zile milioni zinakuwa akiba ya benki kuu. Hapo ndipo ilipokuwa "akaunti ya uendeshaji" kwenye Hazina ya Ufaransa: mwanzoni akiba yote iliwekwa humo, tangu 1973 ikawa asilimia 65, na tangu 2005 kwa BCEAO ikawa asilimia 50. Kwa hiyo katika mfano wetu, euro 500,000 zingekaa Paris. Zilikuwa bado mali ya benki kuu na zililipiwa riba. Mwenye pamba hakupunjwa hata senti siku ile. Ufaransa kwa upande wake iliahidi kwamba akiba ikikauka, Hazina yake itatoa euro ili kiwango kisivunjike. Kwa ahadi hiyo ilikalia viti kwenye bodi za benki kuu hizi.

Kwa hiyo anayeumia ni nani? Iangalie hiyo pamba. Bei ya pamba duniani hupangwa kwa dola. Mwaka 2000 euro ilishuka chini ya senti 85 za dola, kwa hiyo dola moja ilizidi faranga 770. Julai 2008 euro ilifika karibu dola 1.60, dola ikawa kama faranga 410. Chukua tani moja ya pamba kwa dola 1,000, mfano tu. Mwaka 2000 ingeingiza faranga zaidi ya 770,000, mwaka 2008 faranga 410,000. Mkulima ni yuleyule na shamba ni lilelile. Kilichobadilika ni uchumi wa Ulaya, na Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, haikuwa na usukani wa kukata kona. Ukitaka kuifahamu CFA, shika hapo: faranga hupanda pale Ujerumani na Ufaransa zinapofanya vizuri, hata kama Sahel ina ukame.

Lakini tuwe wa haki. Kiwango hicho kinafaidisha anayeagiza: mwenye duka la bidhaa za nje, serikali inayolipa deni la euro, mfanyakazi wa mjini ambaye bei hazimkimbii. BCEAO hulenga mfumuko wa bei wa asilimia 2, na kwa miaka mingi umekuwa chini kuliko kwa majirani kama Ghana na Nigeria. Pia inafaidisha kampuni ya kigeni inayotaka kurudisha faida Ulaya bila hofu ya sarafu kuanguka njiani. Anayebanwa ni anayetaka kutengeneza kitu nyumbani na kukiuza nje.

Kiwango "kisichosogea" kilishashushwa mara moja. Januari 1994, baada ya kikao cha Dakar, faranga ya Kifaransa iliyokuwa CFA 50 ikawa CFA 100. Aliyelala na akiba, asubuhi aliamka nayo nusu ikipimwa kwa bei za Paris, na dawa na vitabu kutoka nje vikapanda. Wauzaji wa kakao na pamba walipumua, ni kweli. Ila marais walikaa kikaoni kuidhinisha jambo ambalo Paris na Shirika la Fedha la Kimataifa walikuwa wameshalikubali.

Sasa linganisha na kwetu. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na Bodi ya Sarafu, iliyoundwa London mwaka 1919. Shilingi 20 zilikuwa pauni 1, na kanuni ilitaka kila shilingi iwe na thamani yake kamili ya pauni nyuma yake. Hadi 1955 ndipo bodi iliporuhusiwa kutoa kiasi kidogo kisicho na pauni. Mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ikafungua benki kuu yake. Novemba 1967 Uingereza ikaishusha pauni kutoka dola 2.80 hadi 2.40, na nchi zetu tatu hazikuifuata. Kulikuwa na mtu wa kusema hapana. Na tusijipambe: dola iliyokuwa shilingi 7.14 siku zile, leo ni zaidi ya shilingi 2,000 za Tanzania. Usukani ukishakuwa wako, hata mtaroni unaingia mwenyewe.

Hoja nyingine dhaifu ni ile ya noti kuchapishwa Chamalières, Ufaransa. Jamani, Kenya ilichapishiwa noti na kampuni ya De La Rue ya Uingereza miaka mingi. Mchapishaji si mwenye sarafu.

Na mageuzi ya 2019? Tarehe 21 Desemba mwaka huo, Rais Ouattara wa Côte d'Ivoire na Rais Macron wa Ufaransa walitangaza Abidjan kwamba faranga ya magharibi itaitwa Eco, amana ya asilimia 50 itaondolewa na Wafaransa watatoka kwenye bodi. Amana imeondoka, wajumbe wametoka. Dhamana ya Ufaransa imebaki na 655.957 imebaki. Jina CFA nalo bado liko kwenye noti.

Kutoka kabisa kunawezekana, ila kuna mpangilio. Guinea ilitoa sarafu yake tarehe 1 Machi 1960, na majasusi wa Ufaransa wakaimwagia noti bandia ili ianguke. Mali ilitoka 1962, ikashusha thamani kwa nusu mwaka 1967, na ikarudi 1984 kwa faranga 2 za Mali kwa CFA 1. Mauritania ilitoka 1973 na haijarudi. Anayetaka kutoka anahitaji akiba yake ya kulipia angalau miezi mitatu ya bidhaa za nje, noti ziwe tayari ghalani kabla ya tangazo, na dirisha fupi la kubadilisha, maana siri ikivuja wenye fedha wanazihamisha kabla ya mapambazuko. Pia lazima iamuliwe mapema kama madeni ya CFA yatalipwa kwa sarafu mpya au ya zamani. Hilo ndilo linalozaa kesi.

Na usisahau kwamba fimbo ya leo mara nyingi iko mikononi mwa Waafrika. Januari 2022 Mali, na Julai 2023 Niger, zilifungiwa fedha zao BCEAO kwa uamuzi wa marais wa kanda, na zote mbili zikashindwa kulipa madeni kwa wakati. Pamoja na Burkina Faso walitoka ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, Januari 2025, na mishahara wakaendelea kuilipa kwa CFA.

Itazameni noti ya magharibi kwa karibu. Kando ya namba yake kuna herufi: A ni Côte d'Ivoire, B Benin, C Burkina Faso, D Mali, H Niger, K Senegal, S Guinea-Bissau, T Togo. Unaweza kudhani Bamako, yaani Mali, ikitoka itakusanya noti za D, kazi iishe. Lakini noti za D ziko mifukoni mwa watu wa Dakar na Abidjan, na sokoni Bamako zimejaa K na A. Anayepanga kutoka ataanza kwa kujibu swali hilo: mwenye D aliyeko Abidjan atalipwa na nani, na mwenye K aliyeko Bamako atapewa nini?