Silikanti, Kamongo na Wazee Wengine wa Majini

HALIMA: Karibuni tena, tukiwa hapa Nairobi. Mimi Halima, niko na Ochieng. Leo ni visukuku hai, yaani viumbe walio hai wanaofanana na jamaa zao wa kale tunaowajua kwa mabaki yaliyogeuka mawe, na tunaanza na silikanti, maana wengi bado wanadhani ni samaki wa Afrika Kusini na Komoro tu.

OCHIENG: Ilhali mwaka 2001 alinaswa kwetu, mbele ya Malindi. Tanga nako, tangu 2003 wamenaswa wengi, na chanzo ni jarife.

HALIMA: Waelezee watu wa bara, bwana.

OCHIENG: Jarife ni wavu wa macho makubwa wa kutega papa. Hulazwa chini usiku kucha. Ukitegwa kwenye mteremko wenye kina cha mita 100 na zaidi, uko mlangoni pa silikanti. Yeye mchana hukaa pangoni, usiku hutoka kuwinda.

HALIMA: Na akivutwa juu, hana maisha. Damu yake hushika oksijeni vizuri kwenye maji ya nyuzi 15 hadi 18 hivi. Huku juu ni nyuzi 26 au zaidi. Mwili unapata joto na kudai oksijeni nyingi, damu nayo inashika kidogo. Ndoo za maji hazimsaidii.

OCHIENG: Basi mvuvi afanye nini?

HALIMA: Akiwa bado ana nguvu, wavu ukatwe angali majini, ashuke upesi. Akishakufa, asipasuliwe. Pima urefu, piga picha ya ubavu mzima, andika mahali na kina, kisha barafu tele mpaka watafiti wafike. Matumbo ndiyo huoza kwanza.

OCHIENG: Kama ilivyokuwa East London, Afrika Kusini, Desemba 1938. Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya pale alijua ana kitu kigeni, lakini ni kiangazi, samaki ni mita moja na nusu, na mochari ikamkataa! Akamfunga kwa magazeti na shuka iliyoloweshwa formalini, dawa ya kuzuia kuoza. Haikutosha kupenya. Viungo vya ndani vikatupwa. Mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith alimpa jina Latimeria chalumnae 1939, ila wa pili hakupatikana hadi 1952, Komoro.

HALIMA: Kumtambua si kazi. Mapezi ni manane, na sita yana shina nene la nyama: mawili ya kifuani, mawili ya tumboni, la pili la mgongoni na lile la nyuma ya tumbo. Mkiani kuna kijimkia cha ziada katikati. Ukikosa hicho kijimkia, una chewa mkononi.

OCHIENG: Na hatembei sakafuni kwa hayo mapezi. Huyapishanisha, la mbele kulia na la nyuma kushoto, lakini anaelea.

HALIMA: Kinachonikera mimi ni ile kauli kwamba hajabadilika kwa miaka milioni 400. Umri huo ni wa kundi zima. Visukuku vya kundi hilo vinakoma miaka milioni 66 iliyopita. Wengine waliishi mitoni. Jenomu yake, yaani ramani nzima ya jeni, iliyochapishwa 2013, inaonyesha jeni zake za protini hubadilika polepole, lakini hubadilika. Pafu la mababu limesinyaa, limezungukwa na mafuta.

OCHIENG: Ukitaka mapafu yanayofanya kazi, njoo kwa kamongo, samaki wa Ziwa Victoria anayevuta hewa.

HALIMA: Nilijua tutaishia ziwani!

OCHIENG: Sasa nifiche? Kijeni, kamongo yuko karibu na wanyama wa miguu minne, nasi tukiwemo, kuliko silikanti. Mkubwa akizuiwa kufika juu, anakufa maji. Ukimfuga kwenye tangi, usijaze mpaka kwenye kifuniko, acha hewa. Kifuniko kiwe kizito, na usimweke na samaki wengine. Meno yake ni mabamba ya kuvunjia konokono, hata kidole hakiponi.

HALIMA: Na kujizika topeni?

OCHIENG: Bingwa ni ndugu yake, Protopterus annectens. Huchimba, hujikunja, hutoa ute unaokauka ukawa mfuko wenye tundu mdomoni. Tatizo ni uchafu wa mwili. Amonia ni sumu na hutaka maji mengi ya kuitoa, kwa hiyo anatengeneza urea na kuilimbikiza mpaka mvua inyeshe. Wa Ziwa Victoria hana haja sana, labda awe kwenye vinamasi vya kando.

HALIMA: Ziwa Turkana nako kuna samaki Polypterus, mzee mwingine, mwenye safu ya vipezi mgongoni. Huyo tumpe kipindi chake. Nirudi kwenye jarife. Zamani walihesabu pete za magamba ya silikanti wakapata miaka 20 hivi. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa wakatumia mwanga uliochujwa, pete nyembamba zikajitokeza: anaweza kufika miaka 100, mimba ni kama miaka mitano, na jike hukaribia miaka 60 ndipo azae.

OCHIENG: Kwa hiyo jike mmoja akinaswa na mimba...

HALIMA: Aliyenaswa Msumbiji 1991 alikuwa na watoto 26 tumboni. Tanga wana hifadhi ya silikanti tangu 2009, lakini mistari ya ramani haishiki samaki, jarife inashika. Kina cha kutegea ndicho cha kusimamia.