Baba Mdogo wa Lady Diana Hay: Lord Erroll, Naivasha na Mirathi

MWANGI: Tumerudi tena. Mimi Mwangi, na huyu ni yule mnayemjua, leo amekuja amenuna.

REHEMA: Sijanuna. Nimetoka Mombasa na basi la usiku, nimetoka kwenye kikao cha familia. Nyumba ya marehemu babu.

MWANGI: Pole. Imegawanywa?

REHEMA: Igawanywe wapi? Baba mdogo alikuja na tepu ya fundi, ile ya chuma. Watu hawajamaliza kusoma dua, yeye anapima ukuta wa jikoni.

MWANGI: [anacheka] Ukuta wa jikoni?

REHEMA: Na anaandika kwenye kiganja, Mwangi. Kwa kalamu ya wino!

MWANGI: Basi leo ni siku yako, maana tuliahidi habari za Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, cheo cha kurithi cha mabwana. Bwana wa Uskoti aliyepigwa risasi hapa Nairobi, Januari 24, 1941, saa za alfajiri. Wafanyakazi wa maziwa ndio walioliona gari, Buick, limeingia kwenye shimo la murram kando ya barabara, kule Karen. Nimeandaa masomo matatu kutoka kwenye mauaji hayo. La kwanza...

REHEMA: Ngoja. Alikuwa na watoto?

MWANGI: Binti mmoja. Diana.

REHEMA: Diana si yule mwanamke wa watu aliyekuwa naye?

MWANGI: Hao ni wawili. Diana Delves Broughton ni yule mpenzi, mke wa Sir Jock. Diana Hay ni binti, alizaliwa Januari 1926, mama yake Lady Idina Sackville.

REHEMA: Na marehemu alikuwa na ndugu wa kiume?

MWANGI: Alikuwa naye. Gilbert, mdogo wake.

REHEMA: [anapiga meza] Baba mdogo!

MWANGI: Rehema...

REHEMA: Nimwambie msikilizaji. Mtu kafa, kaacha binti mmoja na ndugu yake. Kwetu Waislamu hesabu hiyo hata mtoto wa madrasa anaijua: wakiwa ni hao wawili tu, binti nusu, ndugu ni asaba, anachukua iliyobaki. Sasa niambie Waskoti walifanyaje.

MWANGI: Utacheka. Na wao waligawa. Cheo cha Earl wa Erroll ni cha Uskoti, kinaruhusu kurithiwa na mwanamke, kikaenda kwa binti. Akawa Countess wa 23, yaani Earl mwanamke, akiwa na miaka 15. Lakini familia ilikuwa na cheo kingine, Baron Kilmarnock, kilichotolewa 1831, hicho ni cha wanaume tu. Kikaenda kwa...

REHEMA: Baba mdogo na tepu yake.

MWANGI: Gilbert hakuwa na tepu. Alichofanya ni kubadilisha jina la ukoo mwaka huohuo, akaacha Hay akawa Boyd.

REHEMA: Kapima, kaona chumba chake kiko wapi, kahamia.

MWANGI: [anacheka] Lakini Boyd halikuwa jina la kuokota. Ndilo jina lao la zamani upande wa wanaume. William Boyd, Earl wa nne wa Kilmarnock, aliasi pamoja na Bonnie Prince Charlie, aliyetaka kurudisha ukoo wake kwenye ufalme wa Uingereza, akakatwa kichwa London, Agosti 1746. Cheo chake kikafutwa. Mwanawe James akawa hana kitu, mpaka 1758 alipofariki dada wa bibi yake, Mary Hay, Countess wa Erroll. Hakuwa na mtoto. Kijana akachukua cheo cha bibi, na jina la Hay.

REHEMA: Kwa hiyo huyu Josslyn mwenyewe, ule u-Earl ulimfikia kwa njia ya wanawake.

MWANGI: Ndiyo hoja yangu! Mwanamke aliuleta, na 1941 mwanamke akauchukua. Na si cheo cha juzi. Pamoja nacho kuna ofisi ya Lord High Constable wa Uskoti, ofisi ya kifalme ya kurithi, ambayo ukoo wa Hay unayo tangu 1314, enzi za Robert the Bruce. Josslyn mwenyewe alitoka Kenya kwenda kutawazwa kwa mfalme 1937 kwa sababu ya ofisi hiyo. Sasa binti wa miaka 15 anaipata. Huyo alishinda, Rehema.

REHEMA: Alishinda nini? Kulikuwa na nyumba?

MWANGI: Slains Castle iliuzwa 1916 na babu wa Josslyn.

REHEMA: Shamba?

MWANGI: Josslyn na Idina walipokuja huku 1924, nyumba yao chini ya Aberdare waliipa jina Slains.

REHEMA: Jina tena. Kasri limeuzwa, wanakuja kubandika jina lake kwenye ardhi ya watu waliohamishwa. Na ile ya Naivasha?

MWANGI: Hiyo ni nyumba ya Oserian, ilikuja na mke wa pili, Molly. Alikuwa mke wa Ramsay-Hill, mwenye kuijenga. Waliachana, akaolewa na Josslyn 1930. Molly akafa 1939.

REHEMA: Na mtoto wakati huo yuko wapi?

MWANGI: Uingereza. Josslyn na Idina waliachana 1930, mtoto akalelewa huko na ndugu za mama.

REHEMA: Basi usiniambie alishinda. Baba yuko Naivasha na mke wa mtu, 1934 anajiunga na mafashisti wa Mosley wa Uingereza, 1939 anaingia Legislative Council, baraza la kutunga sheria la koloni, kwa kiti cha Kiambu, vita vinaanza anakuwa Military Secretary. Muda wa kila kitu anao. Mtoto anakuja kupata nini? Jina. Badala ya baba.

MWANGI: Jina ni mali. Angezaliwa kwenye ukoo wa Kilmarnock pekee, asingepata hata hilo. Lote lingekwenda kwa Gilbert.

REHEMA: Na alipolipata angeweza kukaa Bunge la Malodi?

MWANGI: Hapo... hapana. Wanawake wenye vyeo vya kurithi waliruhusiwa 1963.

REHEMA: Miaka 22! Kapewa kiti, kaambiwa asimame.

MWANGI: Lakini alikuwa nacho. Na alikipitisha. Mwanawe Merlin aliyezaliwa 1948 alikirithi mama alipofariki 1978. Kingekwenda kwa baba mdogo, kisingerudi.

REHEMA: Asaba kwetu hachukui bure, Mwangi. Anayerithi ndiye anayeulizwa mtoto amekula nini. Kama baba mdogo hafanyi hivyo ni aibu yake, lakini watu wanajua wa kumuuliza. Kule kila mtu kachukua cheo chake, mtoto kabaki kwa ndugu za mama.

MWANGI: Wewe jana umeona asaba anapima jikoni, na bado unamtetea?

REHEMA: Namtetea asaba. Mwenye tepu simtetei.

MWANGI: Mimi sikubali. Binti asiye na kaka, karne ya ishirini, anabeba ofisi ya 1314. Ni watu wangapi duniani?

REHEMA: Na mimi sikubali. Muulize Idina. Huyo aliacha watoto wawili wa kiume kwa mume wa kwanza, wote wakafa vitani, 1943 na 1944. Diana ndiye aliyebaki. Unaona jina lilimfaa nini mama huyo?

MWANGI: Hilo la Idina ni jambo jingine.

REHEMA: Ni familia hiyohiyo.

MWANGI: [kimya kidogo] Tuendelee. Kaburi la Josslyn liko Kiambu, St Paul's, pamoja na Molly. Masomo yangu...

REHEMA: Fundi anaonyesha vidole. Dakika mbili.

MWANGI: Mbili? Sijafika hata kwenye bunduki!

REHEMA: Ungeanza na bunduki.

MWANGI: Nilianza! Ukaniuliza ana watoto wangapi. Nisome vichwa vya masomo tu.

REHEMA: Usisome. Watu watatutumia sauti wakuulize masomo yenyewe yako wapi.

MWANGI: Basi kesi. Kesi hatujaigusa kabisa. Watu wamekuja kwa ajili ya kesi, Rehema.

REHEMA: Sir Jock Broughton alishtakiwa kwa mauaji hayo, akaachiliwa Julai 1, 1941, akafa Liverpool Desemba 1942. Haya, tumeigusa. Kwaherini.