Usiku wa Kwanza Wodini

Ndugu zangu wahudumu wa afya, leo nataka tukae na usiku mmoja tu: ule wa kwanza baada ya mtoto mwenye utapiamlo mkali kulazwa. Huo ndio unaonitia hofu.

Mtoto mwenyewe mnamjua. Tepe ya kupima mzunguko wa mkono wa juu inasoma chini ya sentimita 11.5. Au hakukonda: miguu yote miwili imevimba, ukibonyeza kwa dole gumba kishimo kinabaki, na bibi anasema mjukuu kanenepa. Huo ni unyafuzi, au kwashakoo. Jina hilo la pili lina asili yake kwa Waga, kabila la Ghana, nao walimaanisha ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Huku kwetu wanasema amebemendwa, yaani wazazi wamevunja mwiko wa kujamiiana mtoto akiwa bado ananyonya, na kwa aibu ya neno hilo mama anamficha ndani mpaka hali inakuwa mbaya. Naomba tusilitamke wodini.

Sasa usiku unaingia. Ini la mtoto huyu halina akiba ya sukari. Akipitisha masaa mengi bila kula, sukari ya damu inashuka chini ya milimoli 3 kwa lita, mwili unapoa chini ya nyuzi 35, analegea kimya kimya, na alfajiri mama anadhani bado amelala. Ndiyo maana maziwa ya F-75, yale maalumu mepesi ya kuanzia matibabu, hutolewa kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana, naye alale kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kichwa kimefunikwa.

Msingoje homa. Mwili uliodhoofu hivi hushindwa hata kupandisha joto, hivyo nimonia inaweza kuwapo na kipimajoto kisiseme kitu. Antibayotiki aanzishiwe siku hiyohiyo.

Moyo nao umedhoofu, potasiamu imepungua. Dripu ya haraka humjaza maji hadi moyo ukashindwa. Tuitumie tu kwa mtoto aliye katika mshtuko, yaani ambaye damu yake haizunguki vya kutosha mwilini. Dawa ya kukojoza kwa ajili ya uvimbe, hapana kabisa. Vidonge vya madini chuma vingoje hadi aanze kuongezeka uzito.

Mama ataona maziwa mepesi, ataomba uji mzito wa karanga. Namwelewa, ameona mwanawe akinyauka. Mwelezeni taratibu kwamba chakula kingi cha ghafla huvuruga madini ya damu na kinaweza kumuua. Hamu ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo tunamwongezea.

Kwa hiyo, wenzangu wa zamu: saa nane usiku, nani anamwamsha mama?