Tusiwavushe Wazazi kwa Ajili ya Hospitali Tu

Wazee wetu, mababa na mamama, ndugu wote mliofika: walionisikia mwaka jana watanisamehe, maana nitarudia neno lilelile, kwamba tuwavushe wazazi wakiwa wazima, wakatembee. Hapa Lubumbashi kila mtu anaijua barabara ya Kasumbalesa, iendayo mpakani mwa Zambia, na familia nyingi zimewahi kukodi gari alfajiri ili kumvusha mzee. Lakini tunamvusha lini? Tunamvusha akiwa amelala kiti cha nyuma, amefunikwa kitenge, na bahasha ya picha za eksirei iko magotini mwa binti yake. Mtu aliyetulea anaiona nchi ya jirani kwa mara ya kwanza kupitia dirisha la wodi, na chakula cha kwanza anachoonja huko ni uji usio na chumvi.

Najua mtakalosema, kwamba safari ya kutembea ni mambo ya matajiri. Naomba mniache nimalize, kwa sababu anayelalamikia gharama hizo ndiye aliyekodi basi zima wakati wa kilio, akanunua na sare za kitenge kwa ukoo mzima, na marehemu hakuonja hata kijiko kimoja.

Mimi mwenyewe nilikosea. Nilipompeleka mama Zambia, yeye akiwa na miaka 79, niliipanga safari kama zamu za mgodini: tulale Kitwe, kisha Lusaka, kisha Livingstone, ili ayaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria, ambayo upana wake ni mita 1,708 na ambayo tangu 1989 yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Asubuhi tukiwa Kitwe, mama aliomba tusimame dakika tano katika soko la Chisokone. Dakika tano hizo zilikuwa saa tatu.

Mbele ya muuzaji mmoja palikuwa na beseni, na ndani yake kitu kinene cha rangi ya kahawia kilichokatwa vipande kama keki. Mama alipiga makofi taratibu, akainama kidogo, akasema, «Mwapoleni mukwai.» Muuzaji alishtuka kusikia Kibemba cha namna hiyo kutoka kwa mtu aliyeshuka katika gari la Kongo, akaitikia, akageuza kreti ya bia ili mama akalie, na tangu hapo mimi nikawa mbeba mikoba. Kilichokuwa ndani ya beseni ni kikanda, ambacho mama alikipika tangu utoto wake upande wa Sakania, mji wetu ulio karibu na mpaka wa Zambia: viazi vidogo vya porini hukaushwa, hutwangwa, unga wake hukorogwa pamoja na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, kisha sufuria huwekewa makaa hata juu ya kifuniko, mpaka chakula kishikane. Mama alitafuna kipande kwa ufizi, maana kikanda hakidai meno, akafumba macho, nami nikadhani anakumbuka marehemu bibi. Alipoyafumbua alisema, «Magadi yamezidi.»

Hapo ndipo mabishano yalipoanza, na wauzaji wa meza za jirani wakaingia, huyu akitetea magadi, yule akitetea karanga mbichi dhidi ya zilizokaangwa. Nilitazama saa, nikanuna, nikamkumbusha mama kwamba Lusaka ni mbali. Hakunijibu. Sijawahi kumwona akizungumza kiasi kile tangu baba alipofariki, na mimi, mtoto wake, nilikuwa nikimharakisha akatazame maji.

Mtu ataniuliza kwa nini tuvuke mpaka kula kitu kinachouzwa hata katika masoko yetu ya hapa. Kwanza, si kitu kilekile, na mama atawaeleza. Pili, mpaka huu ulichorwa na Wazungu katikati ya watu wenye lugha moja na jungu moja, na ulimi wa mzee huuruka bila kugongewa muhuri. Sisi wenye simu ndio wageni kule. Mwingine atasema daktari amemkataza mzee wake chumvi. Ni kweli, na magadi nayo yana sodiamu ileile inayowasumbua wenye presha; basi ale kipande cha upana wa vidole viwili, ashushie maji, na mtoto asimsimamie kama askari wa magereza.

Jambo moja tu, msibebe viazi vyenyewe kurudi navyo. Ni viazi vya okidi, maua ya porini, na biashara yake ya kuvuka mipaka hutaka kibali chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini. Watu wamevichimba mno hata wafanyabiashara wakavifuata mpaka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa 2005, inazilinda okidi hizo.

Livingstone tulifika, tumechelewa kwa siku nzima. Mama aliposikia jina la Mosi-oa-Tunya alisema hakuna haja ya kufasiriwa, kwa kuwa huo ni moshi na yeye anauona. Alitazama dakika kumi hivi, kitambaa chake kikalowa, akauliza watu wa hapo wanakula nini. Tulikula nshima, yaani ugali wao, kwa ifisashi, mboga za majani zilizopikwa kwa karanga, na perege wa Zambezi, naye akaona nshima yao nyeupe mno, kwa kuwa haina unga wa muhogo kama bukari, ugali wetu, anayoisonga mwenyewe.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo mengine nitayapitia haraka. Cheti cha homa ya manjano sasa kinatosha maisha yote, lakini mzee wa zaidi ya miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa aonane na daktari kabla ya sindano, kwa sababu katika umri huo madhara makali, ingawa ni nadra, huongezeka. Dawa zikae katika mkoba wa mkononi. Kila baada ya saa mbili gari lisimame, mzee anyooshe miguu, na ashuke kwa uangalifu, maana kule magari hupita kushoto. Kuhusu nyumba za kulala wageni nilikuwa na mengi, lakini mama ameketi mstari wa pili na amekwisha kunyoosha mkono. Nadhani anataka kusahihisha habari ya magadi.